Barua ya wazi kwa wakubwa wa chuo mliokuja kutuuliza kama tunampenda tembo

Kwenu Waheshimiwa wakubwa wa idara,

Salamu nyingi kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda, huku chini ya milima ya Rwenzori. Mvua imeshika na mahindi yamefika magotini, kwa hiyo usiku hatulali tena, tuko kwenye vibanda tunalinda, mkiona barua inapinda pinda mjue mwandishi ana usingizi.

Jina la chuo chenu sitaliandika. Mnajijua. Mimi ni yule mtafsiri wenu wa pikipiki nyekundu, niliyewapakia vijana wenu misimu miwili nyumba kwa nyumba kwenye ile risechi ya uhusiano wa watu na wanyama. Na vijana wenyewe sina ugomvi, walikuwa na adabu, walikula kila walichopewa, mmoja alijifunza kusema wabukire, ile salamu yetu, vizuri kuliko watoto wangu. Ugomvi wangu ni na nyie mliowatuma.

Na msiseme nimekimbilia kuwaanika. Imeili nimeandika tatu. Ya kwanza ilijibiwa na mashine kwamba mkubwa yuko likizo, ya pili nikaambiwa asante utajibiwa hivi karibuni, ya tatu kimya. Wasap ya kodineta wenu ina zile tiki mbili za buluu, yaani amesoma na amekaa nayo. Nikapanda basi mpaka Kampala na barua ya mkono, mlinzi akaipokea getini, akanisainia kwenye daftari lake, nikalala stendi nikarudi. Ule uvumilivu wote umeisha, basi tuongee hapa mbele ya watu.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza nakijua, ndicho mlichonilipia. Ila kazi yenyewe tuliifanya kwa Kiswahili, na Lhukonzo, lugha ya Wakonzo, pale wazee walipochoka. Baba yangu alikuwa mgodi wa shaba wa Kilembe, pale Mkonzo, Mtooro, Mkiga na Mkongo wote walishuka shimoni na Kiswahili kimoja, sisi watoto tukakiokota hapo hapo, kikaja kukomaa sokoni Mpondwe. Ni Kiswahili cha mpakani, kina makorongo yake. Na la kwanza nililonalo linaanzia kwenye korongo moja.

1. Neno nyama.

Huku kwetu, na hasa ukisogea upande wa Kongo, mtu akisema nyama anaweza kuwa anasema ile ya kwenye sufuria au yule anayetembea mwenyewe kwa miguu minne. Nyama ya pori ni tembo, ni kiboko, ni nyati, mzima kabisa anapumua. Mzee mmoja mliyemhoji aliulizwa maisha ya hapa yakoje, akajibu kwa ile sauti yake ya kifuani, "Sisi tunaishi na nyama bana, usiku na mchana tunaishi na nyama." Mimi nilikuwepo, nikatafsiri sawa sawa. Lakini rekodi mkaipeleka kwa mtu mwingine aandike, sijui Kiswahili alijifunzia wapi, na kwenye ule muhtasari wenu wa kurasa mbili mzee ametokea kuwa mtu anayeishi kwa kula nyama ya porini.

Nilijuaje? Niliukuta mkononi mwa ofisa mmoja kwenye mkutano wa sabukaunti, anausoma kwa sauti, eti utafiti umeonyesha kijiji kile kinategemea uwindaji. Jina la mzee mliliondoa, sawa. Ila mlibakiza humo umri wake, kazi aliyofanya zamani, na kwamba nyumba yake inapakana na mtaro wa tembo, ule uliochimbwa kuwazuia wasivuke. Sasa nyumba inayopakana na mtaro, yenye mzee wa umri ule aliyefanya kazi ile, ziko ngapi? Moja. Mzee huyu hajawahi kumiliki hata mtego wa panya. Wiki nzima alilala kwa binti yake, akisikia pikipiki anaingia jikoni, na nilipoenda kumsalimia aliniangalia kama mtu aliyemuuza.

2. Maswali yenyewe.

"Unampenda tembo kwa kiwango gani, moja mpaka tano." Hilo swali nimeliuliza kwenye nyumba nyingi mpaka nikawa naliota. Wengine walicheka, wengine waliuliza kama tano ndiyo wanapewa unga. Bibi mmoja alifikiri sana, akasema, "Nampenda akiwa kwake." Kijana wenu akaniangalia anasubiri namba. Nikasema tatu. Basi ile tatu imeingia kwenye tableti, imeenda Ulaya, imejumlishwa na tatu za watu wengine, na mahali fulani kuna mchoro wa rangi unaosema sisi watu wa hapa hatuna msimamo kuhusu tembo. Bibi ana msimamo mkali kuliko mchungaji wa kanisa letu! Alisema jibu lote kwa maneno matatu nyie mkabakiza namba.

Halafu kuna yale ambayo fomu haikuwa na nafasi yake. Mzee wa Kisongora, wale wafugaji, alitaka kuanza na 1952, mwaka hifadhi yetu ya Queen Elizabeth ilipotangazwa, ikiitwa Kazinga kabla haijapewa jina la malkia 1954, akaanza kuonyesha kwa fimbo ng'ombe wa baba yake walikuwa wakinywa wapi. Kijana akasema tutafika huko mzee. Hatukufika, fomu ilikuwa inaruka kutoka swali la 9 kwenda la 10 na la 10 lilikuwa la choo. Hakuna swali hata moja la miziro, yaani mnyama wa ukoo asiyeliwa, wakati hii ni nchi ambayo Waganda wana ukoo wa Simba, wa Chui, wa Tembo, wa Kiboko, mtu anazaliwa akiwa tayari ana undugu na mnyama na hamli mpaka anakufa, na huku magharibi pia watu wana miziro yao. Mnakuja kuchunguza uhusiano wa watu na wanyama na undugu hamuulizi? Na ng'ombe je? Mliuliza sana kwa nini watu wanawekea simba sumu, na swali hilo ni la haki kabisa, 2018 pale Hamukungu simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu na 8 walikuwa watoto, ilikuwa aibu na hasara. Lakini hamkukaa na mchungaji hata mmoja akawaambia kuhusu ng'ombe aliyeliwa. Nilimjua mwanaume aliyepoteza Bihogo wake, alimpa jina kwa ile rangi yake nyekundu iliyoiva, alikuwa anamwimbia jioni. Hakula siku mbili. Kwenye fomu yenu Bihogo ni "mifugo iliyopotea, idadi, 1".

3. Mama wa fomu ya 14.

Huyu mume wake aliuawa na kiboko alfajiri akitoa nyavu. Tulimkuta anapukuchua maharage kwenye ungo. Swali likawa, unakubaliana kwa kiasi gani kwamba viboko wana haki ya kuishi karibu na watu. Nikatafsiri, maana ndiyo kazi. Mikono ikasimama. Hakumwangalia kijana, aliniangalia mimi, mtoto wa kwao, akasema polepole, "Mwambie nimesikia." Kisha akaendelea na maharage. Nikamwambia kijana aandike hajui. Ule uongo ni wangu, nauchukua, lakini nani alinipa swali lile nikalitoe pale mlangoni?

Mnamjua Jacob, yule simba wa miguu mitatu wa hifadhi yetu hii ya Queen Elizabeth. Mtego wa chuma ulimkosesha mguu 2020, halafu mwezi wa pili 2024 yeye na ndugu yake Tibu wakaogelea usiku mfereji wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja, kwenye maji yenye mamba na viboko, watafiti wakawarekodi kwa droni na dunia nzima ikapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Wanasema pengine alikuwa anafuata majike, mwanaume mwenzangu namwelewa. Sina kinyongo na Jacob. Ila simba ana jina na historia na watu wa Ulaya wanamlilia, na mama huyu, ambaye kila siku anashuka kuchota maji pale pale kiboko alipomchukua mume wake, ni Respondenti 14. Najua majina mnaficha kulinda watu (mzee wa mtaro hamkumlinda, lakini tuache). Kuficha jina sawa. Nyie mmemficha mpaka yeye mwenyewe hawezi kujiona. Aliongea saa nzima baada ya lile swali, mambo mengine hata watoto wake hajawaambia, na hajui yameandikwaje, wapi, na nani anayasoma.

4. Ushahidi wetu mko nao nyie.

Hili ndilo linaloniamsha hata usiku ambao tembo hawajaja. Misimu miwili, kila tembo wakipita shambani kwa mtu, asubuhi tulikuwa pale. Mimi nilishika futi ya mita upande mmoja, kijana upande wa pili. Tukapima eneo lililokanyagwa, tukahesabu mashina, tukapiga picha nyayo na mavi, tukachukua namba za jipiesi, tukaandika tarehe na saa na tembo walikuwa wangapi. Kazi safi sana, ile kazi najivunia. Ile methali ya tembo wakipigana nyasi zinaumia, kwetu siyo methali tena, ni ripoti ya asubuhi, na ripoti hizo tuliziandika vizuri.

Sasa kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2019, inaongelea fidia kwa mtu aliyeuawa, aliyejeruhiwa au aliyeharibiwa mali na baadhi ya wanyama nje ya hifadhi. Jirani yangu, mama mjane mwenye watoto watano, heka moja ya mahindi iliisha usiku mmoja. Akaenda kudai. Akaulizwa picha ziko wapi, eneo lilikuwa kubwa kiasi gani, siku gani, nani alishuhudia. Jamani, vyote vipo! Nilishika futi mimi mwenyewe. Viko kwenye kompyuta zenu, vina namba, vimepangwa, labda vina rangi. Nikamwandikia kodineta anitumie tu picha za shamba moja, moja tu, nikapata zile tiki za buluu. Muda ukapita, faili lake likakaa bila ushahidi, na yeye akauza mbuzi kulipa ada. Mbuzi wale walikuwa wamekwepa fisi mwaka mzima.

Siku moja alinisimamisha njiani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani wale wazungu wako walipima ili iweje?" Nikawasha pikipiki nikaondoka, sikuwa na la kumjibu.

5. Pesa.

Fupi tu. Siku 11 za mwisho sijalipwa, daftari la saini liko kwangu.

Sasa msije mkasema huyu ni mtu wa kijijini anachukia elimu. Utafiti wa watu na wanyama ukifanywa kiutu unaokoa pande zote mbili, na mfano hauko mbali. Kule msitu wa Bwindi 1996 gorila walipata upele, mtoto mmoja akafa, ikaonekana chanzo ni sisi watu tunaoishi pembeni. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama, hakuishia kwenye kuandika, 2003 akaanzisha kazi ya kutibu watu na kuchunga gorila kwa pamoja, maana aliona afya ya mmoja iko mfukoni mwa mwingine. Huku kwetu 2004 kimeta kilipoua viboko kwa mamia, bila watu wa maabara tungeendelea kula ile mizoga. Na Kenya walipochunguza wakaona tembo anaogopa nyuki, matokeo yake ni mizinga kwenye waya kuzunguka shamba, mkulima analinda mahindi na anapata asali. Hao walirudi na kitu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nyie mlikuja mkapona nyie.

Majibu yenu nayajua kabla hamjayaandika, nimekaa na watu wenu muda mrefu.

Mtasema watu walisaini. Walisaini karatasi tatu za Kiingereza nilizozieleza mimi kwa dakika tano, kuku wanapita katikati. Na mnakumbuka mlichoniandikia niseme mwishoni? "Tutarudi kuwaambia tulichokipata." Nililisema kila nyumba, kwa mdomo wangu, kwa lugha yao. Nyie mmeondoka, mimi ndiye ninayekutana nao kisimani, msibani, kanisani.

Mtasema matokeo yako kwenye intaneti, yeyote asome. Nilijaribu. Ukurasa ukaniomba dola 39, hiyo ni zaidi ya shilingi laki moja, nilipe nisome maneno ya jirani zangu niliyoyatafsiri mwenyewe. Nikasoma muhtasari wa bure, kwenye shukrani mmewashukuru "wasaidizi wa eneo husika". Haya, asante.

Mtasema bajeti ya mradi imefungwa. Karatasi mbili za Kiswahili na Lhukonzo hazihitaji bajeti, mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, ana spika, atasoma bure, huyo hata msipomwomba atasoma. Na mtasema nyie siyo shirika la misaada. Sawa kabisa. Hakuna aliyewaomba blanketi. Tunadai vya kwetu.

Kwa hiyo tunaomba, na nimekaa na watu kumi na wanane chini ya mwembe tukakubaliana moja moja:

a) Picha, vipimo, tarehe na namba za jipiesi za kila shamba mlilopima, apewe mwenye shamba. Hizi ndizo za kwanza, hizi hazingoji kitu. Nchi hii ina sheria ya kulinda data ya 2019, mtu ana haki ya kuomba taarifa zake mlizonazo, na sisi ndiyo tunaomba hapa, kwa maandishi.

b) Ule muhtasari urekebishwe sehemu ya nyama, na barua ya marekebisho iende kwa kila ofisi iliyopewa, isomwe kwa sauti kwenye mkutano kama ule ulivyosomwa. Mzee arudi kulala kwake.

c) Mama wa fomu ya 14 asomewe maneno yake. Asipoyataka yabaki, yatoeni.

d) Mje. Siyo mwanafunzi mpya, mje nyie wakubwa, siku moja, mtuambie mlichokipata na mkubali kuulizwa maswali. Hatutawapa fomu ya moja mpaka tano.

e) Kikundi kingine kisitumwe kabla hatujaandika masharti yetu. Wasan, wale wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walichoka hivi hivi, 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za kuwaongoza watafiti, wakaweka heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata utaratibu. Sisi tumeanza kuandika za kwetu, tuko kwenye ukurasa wa pili, mwalimu wa shule ya msingi ndiye katibu. La kwanza linasema, mtafsiri asome fomu nzima na awe na ruhusa ya kukataa swali.

f) Zile siku 11.

Tunawapa mpaka mahindi yakauke. Baada ya hapo barua hii naipeleka redioni tuisome kipindi cha jioni, na nakala kwa ofisi zinazotoa vibali vya utafiti, safari hii nikiwa na jina la chuo.

Namba yangu mnayo, ni ile ile, usiku ndiyo rahisi kunipata maana niko macho.

Wenu katika kazi,

Aliyekuwa mtafsiri wenu,
Kasese.

Nakala:
Mwenyekiti LC1
Mwalimu katibu
Mzee wa mtaro (nitamsomea mwenyewe)
Mama wa fomu ya 14 (naye pia)